Shangazi, Udongo Wako Umenichanganya

Chumba cha juu,
nyuma ya duka la saa.
Jumapili mchana, tarehe 31.

Mpendwa Shangazi,

Naomba barua hii ikukute umekaa, maana ukiisoma umesimama utachoka kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Hujambo? Goti lako linaendeleaje? Mama ameniambia sasa unapanda ngazi bila kushika ukuta, nikafurahi kama aliyepanda ni mimi. Na kile kikohozi cha asubuhi? Usinijibu "sijambo tu" kama kawaida yako. Nipe ukweli, hata kama ni mstari mmoja.

Sisi huku tu wazima. Mvua haijatupa nafasi ya kuanika nguo wiki nzima, nyumba yote inanuka sabuni na unyevu. Baba ameng'olewa jino la nyuma na anajionea huruma kuliko mtu aliyefanyiwa upasuaji. Ukimwuliza kitu anaonyesha shavu. Mama anasema hajawahi kupata utulivu kama huu tangu aolewe. Mdogo wangu naye ni mzima, bado yuko kwenye karakana ya useremala, na ni kwa sababu yake nusu ya barua hii inaandikwa.

Kwenye simu uliniuliza, "Ule udongo umekufaa?" nikajibu ndiyo, kisha nikajifanya mtandao unakatika. Haukuwa unakatika, Shangazi. Sikuwa na jibu. Hata sasa sina, ila mbele ya karatasi angalau hakuna anayesubiri nimalize sentensi.

Nianze na kazi yangu, kwa sababu uliondoka kabla sijaipata, na najua nikisema niko televisheni unaniona nimekaa nyuma ya meza ndefu na nywele zimetengenezwa. Sivyo. Mimi ni yule mtu mdogo wa kwenye kisanduku cha pembeni, chini, mkono wa kulia. Msomaji wa habari anasoma akiwa chumba kingine. Sauti yake inaniingia kwa kidude cha sikioni, na mikono yangu inawaambia viziwi anachosema. Nasimama kwenye chumba chembamba chenye ukuta wa kijani, mbele ya kamera moja na taa zenye joto la pasi. Chini ya kamera kuna skrini ndogo inayonionyesha mimi mwenyewe. Zaidi ya hapo simwoni mtu.

Mikono watu wanaielewa upesi. Kinachowashinda ni uso. Kwa viziwi uso ndio sauti. Mikono inasema nyumba imeungua, lakini nyusi, mashavu na mdomo ndivyo vinavyosema kama ni msiba au ni utani, kama mtu akimbie au akae. Ulipoondoka mdogo wangu alikuwa bado anasikia, kwa hiyo hujawahi kuona anavyotupitia nyuso zetu mezani, mmoja baada ya mwingine, kama anayepapasa nguo sokoni kujua ni pamba au si pamba. Lugha ya alama nilijifunza kwa ajili yake kabla sijaisomea chuo.

Na uso wenyewe ndio huu wetu, wako na wangu. Nikinawa asubuhi, chai haijapoa, pua imeshaanza kuwaka kwa mafuta. Jina la Karabai walikuita wewe kwanza, nami nikalirithi pamoja na paji la uso. Chini ya zile taa nilikuwa nang'aa mpaka mpiga picha wetu, kijana mmoja ambaye mdomo wake haujui kupumzika, anasema kwa kipaza sauti: "Dada, zima hiyo ya nne. Mimi nimewasha tatu tu." Chumba cha mitambo wote hoi kwa kicheko. Nacheka nao, kisha naingia chooni kujifuta kwa karatasi mpaka ngozi inawasha. Siku moja mkuu wa matangazo akaniita. Hakuwa mkali. Alisema, "Kisanduku chako kinavuta macho kuliko habari. Fanya kitu."

Ndipo nikakulilia wewe, nawe ukatuma lile kopo.

Nakumbuka nilivyolifungua. Poda laini kuliko unga, nyeupe inayoelekea majivu, na harufu ile ya ukuta uliomwagiwa maji. Ulinielekeza kwa simu: siku ya mapumziko nichanganye na maji mpaka iwe kama uji mzito, nipake, nioshe kabla haijakauka kabisa ili isininyonye hadi ngozi ikaumia, siku za kazi nitumie kavu, kwa brashi laini, kidogo tu, paji la uso, pua na kidevu. Kisha ukasema, "Na ukishapaka usicheke, usiseme, tulia kama picha, la sivyo utapasuka kama ukuta wa mkandarasi mwizi." Tulicheka wote wawili. Lakini unanijua mwanao. Nikiambiwa jambo nalimeza kama dawa.

Ulifanya kazi, Shangazi, hilo nisikufiche. Siku ya kwanza nilijipaka mbele ya kioo cha choo cha wafanyakazi, nikaingia studio, taa zikawashwa, na ule mng'ao ambao nimekuwa nao tangu nivunje ungo haukutokea. Niliutazama uso wangu kwenye ile skrini ndogo taarifa nzima, nikiusubiri. Haukuja. Mpiga picha akasema, "Leo umeme umekatika kwa dada!" Mkuu alipita kwenye korido, akasimama, akanitazama, akasema, "Sasa umetulia. Hivyo hivyo." Katika ukoo wetu, nani mwenye sura hii amewahi kuambiwa ametulia? Nilirudi nyumbani nikitembea upande wa barabara wenye madirisha ya vioo. Sijui kama ni vibaya kukiri kwamba nilijipenda.

Basi siku zikaenda hivyo, najipaka, natulia, nasifiwa. Sikuelewa kwa nini mdogo wangu ameacha kuniambia lolote kuhusu taarifa ya habari. Kule karakana kuna televisheni juu ya rafu ya mbao. Saa ya habari yeye na viziwi wengine wa mtaa ule huacha kazi wakakusanyika chini yake. Mmojawapo ni fundi cherehani wa mlango wa pili, wanamwita Sindano kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, kama kiziwi anaweza kusemwa ana ulimi. Zamani mdogo wangu alikuwa akirudi nyumbani ananiigiza nilivyosema habari za bunge, tunacheka mpaka Mama anauliza kuna nini. Ghafla kimya. Nilipomwuliza kama anaangalia, alijibu, "Naangalia," akainamia sahani. Kwa mtu anayesikia kwa macho, kuinamia sahani ni kuondoka chumbani.

Sasa nifike kwenye maji.

Lilitoka tangazo kwamba bomba kubwa limepasuka na maji machafu yameingia. Watu wasinywe maji ya bomba bila kuyachemsha, hata kidogo, hata ya kusukutua. Nilikuwa zamu. Nililifasiri lote. Naweza kuapa mbele ya yeyote kwamba hakuna neno nililoruka. Baada ya siku chache mdogo wangu akanivuta mkono bila maelezo, akanipeleka hadi kwa Sindano.

Tulimkuta amelala kwenye mkeka nyuma ya cherehani yake, midomo imekauka, macho yamezama. Tumbo lilikuwa limemwendesha hadi akashindwa kukanyaga pedali. Mkewe naye alikuwa amelazwa, ingawa alikuwa anapata nafuu. Nilipiga magoti nikamwuliza, "Hukuona tangazo?"

Aliinua mikono kwa taabu. "Niliona."

"Nilisema msinywe."

"Ulisema. Mikono ilisema vizuri sana. Lakini uso wako ulikuwa wa mtu anayesubiri basi kituoni. Nikasema moyoni, aa, ni yale mambo ya kawaida ya serikali, naweni mikono, chemsheni maji, laleni mapema. Nikanywa."

Nikageuka kwa mdogo wangu ili anitetee. Badala yake akanipasulia: "Tangu uanze kujipaka huo udongo, umefunga mlango. Tunagonga, hufungui."

Shangazi, nilitoka pale bila kuaga. Kwanza nilikasirika. Mikono imesema, bado mnataka nini, nipige mayowe? Halafu nikamkumbuka Sindano alivyokuwa anameza mate makavu. Tangu siku hiyo nikisikia mtu anamimina maji kwenye glasi, namwuliza kama yamechemshwa.

Malalamiko yalimfikia mkuu, kwa sababu si Sindano peke yake aliyeugua. Watu wa chama cha viziwi walikuja ofisini. Mimi ndiye niliyefasiri kikao, yaani nilikaa hapo nikisema kwa sauti yangu mwenyewe, "Mkalimani wenu haeleweki." Walipoondoka mkuu alinibakiza. "Kama hawakuelewi," alisema, "sioni sababu ya kisanduku. Tutaweka maandishi chini ya skrini, wasome. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi, nione." Nilimwambia kwamba yale maandishi hupita kasi, na kwamba watu kama Sindano hawakupata shule iliyojua kuwafundisha kusoma, kisanduku kikiondoka, kwao taarifa ya habari inakuwa picha za watu wanaofungua na kufumba midomo. Alisema, "Ndiyo maana nimekupa mpaka mwisho wa mwezi."

Nikaanza kuuliza kila mtu. Hapo ndipo nilipopotea kabisa.

Mpiga picha nilimkuta anakunja nyaya. "Ukweli, dada?" akasema. "Ule mng'ao ulikuwa unasaidia. Kisanduku ni kidogo kama stempu. Mashavu yaking'aa, yakicheza, yanaonekana. Ukiyazima unabaki kama sahani."

"Si wewe uliyekuwa unanicheka?"

"Nilikuwa nakutania! Mimi tangu lini nikawa daktari wa ngozi? Ningejua utaenda kujisakafia ningekaa kimya."

Nikaacha kujipaka siku moja. Mkuu akanitumia ujumbe: "Umerudia tena?" Nikajipaka. Mdogo wangu akasema, "Umeona? Mlango." Nikaenda kwa Sindano, ambaye alikuwa ameanza kukaa, nikidhani yeye angalau atamuunga mkono mwenzake. Akatikisa kichwa. "Hapana, mimi udongo nautaka. Zamani ulikuwa unawaka kama kikaango, nilikuwa nafumba jicho moja. Udongo ubaki. Ila na wewe ubaki."

Sasa niambie, mtu afanye nini na jibu kama hilo?

Nilianza kujitazama sana, kuliko hata nilipokuwa na chunusi. Nilisimama mbele ya kioo nyumbani, nusu ya uso nimepaka na nusu sijapaka, nikasema "hatari" kwa mikono na kukagua upande upi umesema vizuri zaidi. Pande zote mbili zilinitazama kama hazinijui. Mama alifungua mlango, akaniona, akaufunga taratibu. Baadaye nilimsikia akimwuliza Baba kama nina mchumba amenikorofisha.

Ndipo nikaomba tufanye jaribio. Mpiga picha alikubali kutufungulia studio mchana ambao hakuna kipindi. Mdogo wangu na Sindano wakakaa chumba cha pili mbele ya skrini, mimi nikaingia kwenye ukuta wa kijani. Nilisema lile tangazo la maji mara mbili: kwanza uso mtupu, umeoshwa, unang'aa upendavyo, kisha nikajipaka nikarudia neno kwa neno. Nilijitahidi sana. Nilihakikisha kwenye ile skrini ndogo kwamba nyusi zinapanda panapostahili.

Mdogo wangu akaja mlangoni. "Zote sawa," akasema.

"Sawa nzuri?"

"Sawa mbaya. Mlango umefungwa, mara ya kwanza na mara ya pili."

"Ya kwanza sikupaka kitu! Ulisema ni udongo!"

"Nilisema tangu udongo. Sijui ni nini."

Hapo, Shangazi, kitu kilinikatika. Nilimwambia yote. Nilimwambia hajui kusimama humu ndani peke yako, na joto, na sauti ya mtu usiyemwona ikikukimbiza sikioni. Hajui kuchekwa kwa kipaza sauti. Yeye kazi yake ni kukaa chini ya rafu na maranda kichwani akihukumu. Kila mtu kwenye mji huu ana lake la kusema juu ya uso wangu, na nikifukuzwa, ni yeye na wenzake watakaokaa gizani, nami nitamwambia soma maandishi basi, si unajua kila kitu. Yeye naye hakunyamaza. Aliniambia najivuna. Aliniambia nimeanza kuwa kama wale madaktari waliokuwa wakizungumza na Mama kana kwamba yeye hayupo, utotoni mwake. Mikono ilikuwa inapishana kama tunapigana ngumi.

Mara Sindano akaingia mbio, ameshika tumbo, ametoa macho. "Nani amekufa? Kuna nini?"

Kamera ilikuwa bado inawaka. Alikuwa ameuona ugomvi wote kwenye skrini. "Nimeona kila kitu!" akasema. "Nimeona mpaka mishipa ya shingo! Hii ndiyo taarifa ya habari!" Mpiga picha, ambaye hajui alama hata moja, akatoa kichwa kwenye mlango wa mitambo akasema, "Dada, sijui ulichomwambia, lakini mimi ningeomba msamaha."

Na udongo nilikuwa nao usoni, Shangazi. Umepasuka pembeni mwa mdomo kama ulivyonionya, lakini ulikuwepo.

Kwa hiyo si udongo. Au si udongo peke yake. Mdogo wangu akaniuliza jambo ambalo nimeshindwa kulitoa kichwani. "Unapogombana na mimi unanitazama mimi. Kwenye habari unamtazama nani?"

Nikamwonyesha kamera. Akatikisa kichwa, akainama, akanionyesha kwa kidole ile skrini ndogo ya chini, inayonionyesha mimi.

Ilikuwa kweli kwamba tangu kopo lako lije nimekuwa nikijitazama kuona kama nang'aa. Lakini je, kabla ya hapo sikuwa najitazama? Mbona nilipokuwa nachekwa waliniona? Au nilipokuwa nachekwa niliogopa kujiangalia, nikawaangalia wao? Naandika hivi nikijua inasomeka kama fumbo. Sijaongeza chumvi, ndivyo ilivyo kichwani.

Nilimwomba mkuu kitu kimoja tu: mdogo wangu akae kwenye kiti kando ya kamera wakati wa taarifa, niwe naongea na mtu. Mkuu akasema studio si kibaraza. Nikasema najua. Akasema mgeni kwenye studio wakati wa matangazo ya moja kwa moja ni hatari. Nikasema huyu hata akipiga chafya hatatoa sauti, jambo ambalo si kweli kabisa, ana chafya ya kuamsha mtaa. Akakubali kwa taarifa moja, Ijumaa, na akanikumbusha kuwa Ijumaa hiyo ndiyo mwisho wa ile nafasi aliyonipa. Ikiharibika, maandishi.

Ijumaa nilijipaka udongo wako, kidogo, kavu. Nilifunika ile skrini ndogo kwa kanga ya Mama. Mdogo wangu alikuja amevaa shati la kwenda harusini, na vumbi la mbao kwenye nywele. Akakaa, magoti yamebana, kama anayesubiri kuitwa kwa mganga wa meno. Taa zikawaka. Nikaanza.

Mwanzoni nilikuwa naona haya kumtazama. Kisha akaniinulia nyusi, yaani, ehe, halafu? Nikaifuata hiyo "halafu". Zikaja habari za maji: bomba limetengenezwa, baadhi ya mitaa maji sasa ni salama, mingine bado. Msomaji alitaja mitaa harakaharaka, na mimi nikaitaja. Mdogo wangu akainua mkono.

Shangazi, alisahau alipo. Akaniuliza, kama tuko nyumbani, "Na sisi? Karakana?"

Nami nikamjibu. Moja kwa moja, hewani, mbele ya nchi nzima. "Nyie bado! Msinywe! Mwambie Sindano asiguse, hata kusukutua, amesikia?" Na uso wangu, sijui ulifanya nini, sikuuona.

Sikioni mwangu msomaji alikuwa ameshafika kwenye mpira. Kisha ikaingia sauti ya mkuu, ndogo na baridi: "Unaongea na nani?"

Nilimalizia taarifa jasho likinitiririka mgongoni. Matokeo ya mechi moja sikuyasema kabisa. Kuna viziwi hadi leo hawajui timu yao ilifungwa. Taa zilipozimwa mdogo wangu alielewa alichofanya, akawa mdogo kwenye kile kiti kuliko alivyokuwa akiwa mtoto. Tulikaa tukisubiri mlango ufunguliwe. Mkuu alipoingia hakufoka. Alisema, "Nilikwambia," akashika kitasa ili aondoke.

Simu ya mlinzi wa getini ndiyo iliyomzuia. Kuna mtu hapa, mlinzi alisema, mwembamba, anapunga mikono, haeleweki, haondoki. Mkuu akashuka nyuma yetu hadi getini. Alikuwa Sindano. Amekuja mbio kutoka karakana, futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni, na nyuma yake wenzake wawili wanahema. Aliponiona akaanza kuongea kabla sijafika.

Mkuu alimtazama, kisha akanigeukia. "Anasema nini?"

"Anasema wameelewa. Wamemwaga maji yote ya ndoo. Anauliza aliyeuliza swali yuko wapi, kwa sababu ana swali la pili."

"Swali gani?"

Nikamwuliza Sindano. "Anauliza kuhusu kisima cha nyuma ya karakana. Kiko karibu na bomba lililopasuka. Je, kisima ni salama?"

Mkuu akanitazama mimi, nikamtazama. Tangazo halikusema lolote kuhusu visima. Hakuna aliyekuwa amefikiria visima, si yeye, si msomaji, si mimi. Akatoa simu mfukoni, akapiga idara ya maji, akasimama pale getini amewapa mgongo akiuliza habari za visima, na Sindano akimzunguka ili aone mdomo wake.

Tangu aniajiri, mkuu amekuwa akiniuliza ninaonekanaje. Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza wanasema nini.

Alipokata simu aliniambia visima vya upande ule navyo havifai, na kwamba kesho tutalisema hilo mwanzoni. Kisha akasema, "Na kiti kiwe cha magurudumu. Kile kinakwaruza sakafu." Akarudi ndani. Nimeligeuza lile neno "kiti" usiku na mchana nikitafuta kama lina maana nyingine. Nadhani lina maana hiyo hiyo moja.

Basi hiyo ndiyo habari ya udongo wako. Unaona kwa nini sikuweza kuisema kwenye simu. Jana mpiga picha aliniambia kwamba kuelekea mwisho wa taarifa pua yangu ilikuwa inawaka vibaya, nami iliniuma, Shangazi. Baada ya yote hayo, bado iliniuma! Kwa hiyo sijui nikuambie nini. Nautaka udongo. Nataka pua ising'ae. Na sitaki kujitazama. Kama kuna namna ya kuwa na haya yote kwa pamoja, wewe mwenye uso huu kwa miaka mingi kuliko mimi, niandikie. Na kama hakuna, niandikie vilevile. Kopo limebaki robo.

Mama anakusalimu, anasema ile picha yako na goti jipya ameiweka ukutani. Baba anakusalimu kwa kuonyesha shavu. Sindano hakujui lakini amesema nikusalimu, na nikuambie poda ni nzuri, anayejipaka ndiye mwenye matatizo. Mdogo wangu amekuja sasa hivi kusoma juu ya bega langu; anataka ujue kwamba yeye hakusahau alipo, ila alikuwa na swali.

Mungu akulinde na ngazi, na baridi, na kazi nyingi, akurudishe kwetu mzima ili siku moja ukae kwenye kile kiti ujionee mwenyewe.

Mwana wa kaka yako, akupendaye bila kutulia,
Karabai mdogo